Adapta na Mashine ya Baba

Wenzangu mliomo shuleni, nanyi mliokwisha kutoka, nasikia ya kuwa baadhi yenu mnajitayarisha kwenda ng'ambo kusoma. Kila aniandikiaye huniuliza habari za makoti ya baridi. Habari za plagi hakuna aliyeniuliza hata mmoja. Basi nitawaambieni bila kuulizwa, kwani jambo hili lilinigharimu.

Baba yangu ni kinyozi hapa Jinja. Mwaka 2016 nilikuwa nikisoma Chicago, nikajinyima mpaka nikapata fedha za kumnunulia mashine ya kunyolea, ile nzito ambayo vinyozi wa huko huisifu. Plagi yake ilikuwa na miguu miwili bapa. Sikujali, maana nilikuwa nimenunua adapta iliyoandikwa kwamba yafaa dunia nzima, na maneno hayo niliyasadiki kama mtoto.

Nilipofika nyumbani tulikwenda dukani pamoja. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa amekwisha kaa kitini na shuka shingoni, kwa kuwa Baba alitaka awe mtu wa kwanza. Nikachomeka adapta ukutani, nikachomeka mashine, Baba akaiwasha. Ikanguruma kama nyuki waliochokozwa, ikawa moto mkononi mwake, ikatoa harufu ya kuungua, kisha kimya. Yule mzee akabaki amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Baba akaiweka mezani polepole, akachukua mashine yake ya zamani, akamalizia kazi. Hakunilaumu. Afadhali angalinilaumu.

Usiku niliigeuza, nikasoma nyuma yake: 120 V, 60 Hz. Maandishi hayo yalikuwapo tangu siku niliyoinunua! Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu wa Uganda ni volti 240. Adapta hubadili umbo la miguu tu. Volti huziacha kama zilivyo. Pasi ya volti 120 ukiitia katika 240, hula nguvu mara nne, wala si mara mbili. Nayo pasi ya hapa ukienda nayo Marekani hupata robo tu ya nguvu zake, nawe utahangaika na shati moja mpaka kengele ya chakula.

Kwa hiyo, kabla hujachagua adapta, soma kibandiko cha kila kitu utakachochukua. Chaja nyingi za simu na za kompyuta za mkononi zimeandikwa 100–240 V, 50/60 Hz. Hizo huweza umeme wa Marekani na wetu, hata wa Japani ambao ni volti 100, na adapta yazitosha. Kisicho na maandishi hayo kiache nyumbani. Wako watakaokuambia ununue transfoma. Ni kweli hiyo hubadili volti, lakini ni nzito, na mashine kama ile ya Baba isingalifanya kazi vizuri hata hivyo, kwani imetengenezwa kwa umeme unaotetema mara 60 kwa sekunde, na wetu hutetema mara 50.

Halafu tazama adapta yenyewe yastahimili ampea ngapi. Ya ampea 6 kwa volti 240 hubeba wati 1,440, bali kwa volti 120 hubeba wati 720 tu. Birika la umeme litaishinda. Chagua yenye fyuzi. Tena chunguza ule mguu mrefu wa tatu: katika adapta nyingi ni wa plastiki, kazi yake ni kufungua vifuniko vya tundu, wala hauunganishi na ardhi. Kitu chenye mwili wa chuma kinachotaka waya wa ardhi usikichomeke hapo.

Kama safari yako ni ya Nairobi, huhitaji kitu. Kama ni ya Kigali au Bujumbura, achana na hizo za dunia nzima. Ndogo ya miguu miwili ya duara yatosha, nayo haidondoki ukutani kwa uzito wake.

Mwaka jana nilimletea Baba mashine nyingine, ya betri. Kabla hajaichomeka alivaa miwani, akaigeuza chaja, akasoma nyuma yake kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akatuma mtoto amwite yule mzee.