Sehemu ya 9: Kilo za mama mtu zilikuwa kwenye disketi

Mama zangu, na nyie baba vijana mnaosoma kimyakimya, leo tunaongea kompyuta. Usikimbie, mizani inakuja.

Kuna bibi alishuka kutoka Mgeta, huko juu Uluguru, na mjukuu wa kike wa miezi 8, kilo 6.2. Kila tukimwambia uzito uko chini, anajibu: "Nesi, huo ni mwili wa ukoo wetu. Hata mama yake alikuwa hivihivi." Utabishana vipi na aliyemlea mama mtu? Kadi ya kliniki ya mama ilishaliwa na mchwa.

Bahati nzuri, nesi mstaafu aliyepima watoto kule miaka ya 90 aliingiza uzito wao kwenye Epi Info 6, programu ya bure ya CDC ya Marekani. Ni ya DOS, enzi za kuandika amri badala ya kubofya. Mafaili yalishatolewa kwenye disketi yakawekwa kwenye flashi, ila Windows ya biti 64 haiifungui kabisa hiyo programu. Ndipo nikaweka DOSBox, emuleta inayojifanya kompyuta ya kizamani ndani ya hii mpya.

Sasa sikiliza. DOSBox ikifunguka haioni folda zako, inaonyesha Z:\> tu. Lazima uikabidhi folda uiambie hii ndiyo draivu yako. Nilinakili kila kitu kwenye folda ya KLINIKI, nikaandika:

mount c c:\kliniki
c:
dir

Hiyo c ya kwanza ni draivu ya kuigiza, inayofuata ni njia ya folda halisi. Majina yawe mafupi, herufi 8 zinatosha, la sivyo utaona vitu kama WATOTO~1 ushangae.

Ila jamani, draivu ni ya kuigiza, mafaili ni ya kweli! Ukifuta humo, umefuta kwenye kompyuta yako. Ndiyo maana usiunganishe C:\ nzima, na usichezee flashi yenyewe, fanyia kwenye nakala. Ukichoka kuandika kila siku, weka mistari hiyo chini ya [autoexec] kwenye faili la mipangilio.

Tukamkuta mama mtu: miezi 8, kilo 7.8. Nilichukua kilo tu. Asilimia niliziacha, kwa sababu programu ile inalinganisha na vipimo vya 1978, na sisi leo tunatumia vya WHO vya 2006.

Bibi aliangalia kioo muda mrefu. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo huyu anaumwa?"

Kesho yake walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya daktari. Mkojo ulipopimwa, kumbe kuna maambukizi. Akapewa dawa, na uji tukauongezea karanga na maziwa. Mama yake ameniruhusu niwasimulie, bila majina. Juzi, wiki 6 baadaye, mizani imesoma 6.9.