"Ataangaliwa": neno lililonitoa chuo

Mama amenipa mpaka Jumapili nimpe jibu. Leo Ijumaa. Nimeona niandike hapa kwanza, manake nikianza kuongea naye huwa nakasirika, na hasira si jibu.

Mambo yenyewe ni haya. Mdogo wangu ana miaka 15 na Januari anaingia Gredi ya 10. Wiki jana mama alipigiwa simu na kochi wa shule moja ya bweni. Sitaitaja. Alimwona mdogo wangu akicheza basketi kwenye mashindano ya shule, akapenda anavyopandisha mpira, na sasa anamtaka. Mama ni mtu wa biashara, anauza viazi karai na bajia karibu na feri, kwa hivyo swali lake la kwanza lilikuwa la biashara: "Mwalimu, karo mtapunguza kiasi gani, na mpaka lini?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mimi nilikuwa namenya viazi. Kochi akacheka kidogo, cheko la mtu mwema, akasema: "Mama, usiwe na wasiwasi. Mtoto ataangaliwa."

Nikaweka kisu chini.

Nyinyi mnaonifuata hapa mnanijua kwa video za Likoni: foleni ya feri, bei ya vitu sokoni, vituko vya makanga wa Mtongwe. Wachache ndio wanaojua kwamba kabla ya hii kontenti nilikuwa pointi gadi. Kwa asiyejua basketi, pointi gadi ndiye anayepandisha mpira na kupanga nani aupate na wapi. Ni kama kuwa dereva na makanga wa matatu kwa wakati mmoja. Unaendesha, na huku unajua kila abiria anashuka stegi gani. Mara nyingi ndiye mfupi kuliko wote uwanjani. Kazi yake ikifanyika vizuri, anayeshangiliwa ni mwingine.

Nilijifunza kwenye uwanja wa saruji, ringi haina wavu, tunacheza na wavulana mpaka magharibi. Nilipomaliza Kidato cha Nne nikaitwa na chuo kikuu kimoja. Nacho sitakitaja. Kochi wa pale aliniambia maneno yale yale: njoo, utaangaliwa. Na mwaka wa kwanza kweli niliangaliwa. Karo ilipunguzwa, chumba nikapata, viatu nikapewa. Hakuna karatasi niliyotia sahihi, na sikuuliza. Ningeulizaje? Nilikuwa na miaka 18, nimetoka Likoni, watu wananipa vitu. Nilidhani kuuliza ni utovu wa adabu.

Mwaka wa pili, katika mazoezi tu, si hata mechi, niliruka nikatua vibaya. Goti likalia kama muhogo mkavu ukivunjwa. Kano ya ndani ya goti, ile ambayo wachezaji wote wanaiogopa. Timu ikapata pointi gadi mwingine na sikumlaumu mtu, lazima awepo wa kupandisha mpira. Lakini muhula uliofuata nilipofungua akaunti yangu ya karo, lile punguzo halikuwepo. Nikaenda kwa kochi. Kochi akanituma ofisi ya michezo. Ofisi ya michezo ikanituma ofisi ya fedha. Mama wa pale dirishani aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Barua yako ya ufadhili iko wapi?"

Nilikuwa na jezi. Barua sikuwa nayo.

Sikuruhusiwa kufanya mtihani. Nikasubiri muhula mmoja nikidhani nitapata pesa, ukapita wa pili, kisha nikapanda basi nikarudi nyumbani na magongo. Hiyo ndiyo sababu niliacha chuo. Wale mnaoandika kwenye maoni ati niliacha kwa sababu ya umaarufu wa mtandaoni, sasa mnajua.

Na kwa haki, yule kochi hakunidanganya. Aliniangalia mpaka pale uwezo wake ulipofika. Shida iko kwenye neno lenyewe. "Ataangaliwa" halina mtu. Nani ataangalia? Kwa pesa za nani? Mpaka lini? Neno limefichwa mwenyewe ndani yake, na siku mambo yakiharibika huna wa kumshika shati.

Sasa turudi nyumbani. Tangu simu ile ipigwe, kila anayeingia kwetu ananitajia jina moja: Madina Okot. Mjomba ndiye wa kwanza. "Mwenzenu Madina alipitia hapo Tiwi, leo yuko wapi?" Na mjomba hajakosea. Ukivuka feri kuja huku kwetu na kupanda matatu ya Ukunda, Tiwi utaipita njiani. Pale ndipo ilipo Kaya Tiwi, shule yenye jina kubwa kwenye basketi ya wasichana. Madina, mtoto wa Mumias, alisoma pale. Akaenda Chuo Kikuu cha Zetech, akachezea timu yao, na mwaka 2024 akavuka kwenda Mississippi State kule Marekani. Msimu wake wa kwanza tu alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mechi. Mwaka 2025 akahamia South Carolina, moja ya timu kubwa kabisa za vyuo vya wanawake. Mimi humfuatilia mpaka usiku wa manane, nikipoteza bando. Najivunia sana.

Lakini Madina ni senta. Ana futi 6 na inchi 6. Mrefu namna hiyo anaonekana na kochi hata akiwa amesimama kwenye foleni ya uji. Mdogo wangu ana futi 5 na inchi 2, na kwa jinsi familia yetu ilivyo, pale alipofika ndipo pale. Mfupi hatafutwi. Mfupi lazima acheze mpaka mtu amwone, na akishaonekana, siku akiumia kuna wafupi wengine kumi nyuma yake. Hilo mjomba halioni.

Najua kuna mtu atanijibu kwamba nawakatisha tamaa wafupi. Hapana. Kochi aliyempokea Madina kule South Carolina ni Dawn Staley, na huyo alikuwa pointi gadi. Ana futi 5 na inchi 6, yaani Madina amemzidi kwa futi nzima. Alikulia kwenye nyumba za serikali kaskazini mwa Philadelphia, akicheza na wavulana kama sisi. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Virginia aliifikisha timu yake kwenye nne bora za taifa mara 3 mfululizo, 1990, 1991 na 1992. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee katika muda wa ziada, na bado yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo. Ubingwa wa chuo hakuupata kamwe akiwa mchezaji. Akapata dhahabu 3 za Olimpiki, 1996, 2000 na 2004, na kule Athens mwaka 2004 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani. Halafu akaja kuwa kochi na South Carolina ikatwaa ubingwa 2017, 2022 na 2024. Kwa hivyo mfupi hufika, wala sibishani na hilo.

Ninachotaka muone ni kilicho chini ya hadithi kama hizi, kile kisichopigwa picha. Kule ufadhili wa mchezaji huandikwa. Tena hawakuanza hivyo kwa wema wao. Tangu 1973, kwa karibu miaka 40, sheria ya michezo ya vyuo vya Marekani ilikuwa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja. Ukiumia au kochi akikuchoka, mwaka ukiisha wanaweza kukuacha, na wengi waliachwa. Watu wakapiga kelele, wakaenda mahakamani, wakaaibisha vyuo. Ndipo Januari 2015 vyuo vya zile konferensi 5 kubwa vikapiga kura kwamba mchezaji hanyang'anywi ufadhili kwa sababu za kimchezo. Konferensi ya Mississippi State na South Carolina ni moja ya hizo 5.

Nilipolisoma hilo nilikaa kitandani muda mrefu. Kwa hivyo goti langu, lingevunjika kwenye chuo kama hivyo, nisingefukuzwa mtihani. Lingekuwa goti lile lile na maumivu yale yale, tofauti ni karatasi tu.

Jana usiku nikamwambia mama: mpigie kochi, muulize mambo matatu, na majibu yaje kwa maandishi yenye muhuri wa shule. Kwanza, karo inapunguzwa kiasi gani, na ni kwa miaka yote 3 mpaka Gredi ya 12 ama ni muhula huu tu? Pili, akiumia akiichezea shule, nani analipa hospitali, na je, punguzo linabaki? Tatu, wiki za mashindano akikosa masomo, mwalimu gani atamfidia?

Mama akanyamaza, akageuza bajia. Kisha akasema kitu ambacho bado kinanizunguka: "Mwanangu, ukimhoji sana anayekupa, hufunga mkono."

Na ana haki ya kuogopa. Mama amelea watoto wanne kwa mkono wa watu kufunguka: mwenye nyumba akisubiri kodi, mwenye duka akikopesha unga. Katika maisha hayo hudai barua. Unashukuru. Na inawezekana kweli kochi akisikia maswali matatu ataona hii familia ina shida, amchukue mtoto wa watu wengine ambao hawaulizi. Hilo naliogopa hata mimi.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, kumbe anasikia yote. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka: "Dada, wewe ulishindwa. Sasa unataka na mimi nishindwe." Akatoka na mpira. Amevaa viatu vyangu vya zamani, vile vya chuo.

Sikulala vizuri. Manake kuna ukweli ndani yake. Kuna siku huwa natazama mechi za vyuo na moyo unanichoma, na sijui kama ni uchungu ama wivu. Nilijiuliza kama kweli namlinda mtoto ama nalinda jeraha langu. Nimejiuliza mpaka asubuhi, na hili ndilo jibu nitakalompa mama Jumapili.

Aende. Ana kipaji kunishinda mimi, naona anavyotazama kushoto na pasi ikaenda kulia. Lakini aende na barua. Kama kochi ni mtu mwema, na naamini ni mtu mwema, barua haitamuumiza. Itamsaidia hata yeye, manake siku mwalimu mkuu akibadilishwa ama kochi mwenyewe akihamishwa, maneno yake yatahama naye, lakini karatasi itabaki kwenye faili. Kama atasema nusu ya karo kwa mwaka mmoja tu, sawa, iandikwe nusu kwa mwaka mmoja. Tutajua tunaingia wapi. Kidogo kilichoandikwa mama anaweza kukipigia hesabu na bajia zake. "Ataangaliwa" hawezi kukipigia hesabu.

Na kama watakataa kabisa kuandika, asome shule ya kutwa hapa hapa Likoni na jioni nitacheza naye mimi na goti langu hili. KPA wako hapo ng'ambo, wanawake wanacheza ligi kuu na wanaajiriwa. Njia haijafungwa kwa kukataa simu moja.

Wazazi mnaonisoma, Kisauni, Changamwe, popote: kama mtoto wako alichukuliwa na shule kwa mchezo wowote ule, ulipewa barua? Ilisema nini kuhusu kuumia? Niandikieni, nahitaji kuona moja kabla ya keshokutwa, hata kama ni picha umefunika jina la shule.

Jumapili nitakaa kando ya mama, simu kwenye spika, yale maswali matatu nimeyaandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kufungia bajia. Mdogo wangu nimemwambia naye akae. Bado hajanisemesha, lakini amesema atakuja.