Filigisi ya Bonane

Kwetu Goma, Bonane bila kuku si Bonane. Hata mtu wa mfuko mwepesi atatafuta kuku mmoja wa kienyeji pale soko la Virunga. Na nyumbani kwetu kuku ana sheria zake: watoto wanapata mabawa na shingo, mgeni anapewa paja, na filigisi ni ya baba, mwenye nyumba. Tangu utoto wangu sikuona mtu mwingine akiigusa.

Bonane ya 2022 ilitukuta tuko watu kumi na mmoja. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ikafika Buhene, ikafunika nyumba ya shangazi yangu. Tangu siku ile yeye na watoto wake wanne walikuwa kwetu. Kuku alikuwa mmoja tu.

Dada yangu ndiye alileta akili. Aliishi Kalemie, ambako askari wa Indonesia wa MONUSCO walifika mwaka 2018, na huko alisikia habari ya betutu. Ni kuku wa sherehe wa kisiwa cha Bali: hakatwi vipande, anapakwa viungo vilivyotwangwa, anajazwa majani ya muhogo tumboni, anafungwa katika majani ya mgomba, anaiva polepole kwa moto wa makala. Mama alicheka: "Kumbe nabo banakulaka sombe!"

Tulianza asubuhi. Sombe iliyotwangwa tuliichemsha kwanza zaidi ya saa moja, maana majani ya muhogo yasipoiva vizuri yanadhuru. Tukatwanga kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, manjano, mchaichai na karanga. Nusu tulimpaka kuku, nusu tukachanganya na sombe. Hapo dada akakata filigisi vipande vidogo sana, akaitia ndani ya sombe. Nikamwangalia. Hakusema kitu, akamjaza kuku na kushona tumbo kwa uzi.

Tulimfunga kwa majani ya mgomba mara tatu, tukamweka katika sufuria yenye maji kidogo, mbabula chini, makala mengine juu ya kifuniko. Kuku wa kienyeji ni mgumu. Tulingoja masaa matatu. Tulipofungua majani, nyama ilikuwa inaachana na mifupa, na sombe imekunywa mafuta yote. Pamoja na bukari, ilitosha watu wote.

Lakini baba alikuwa anatafuta kwa macho. "Filigisi yangu iko wapi?"

Dada akainamisha kichwa. "Iko mu sombe, baba. Kila mutu atapata."

Tulinyamaza. Shangazi aliacha kula. Yeye ni dada yake baba, anajua sheria ile kuliko sisi. Baba aliangalia sahani yake, halafu akaangalia watoto wa shangazi. Akasema: "Basi, leo kila mutu hapa ni mwenye nyumba."

Shangazi akafuta macho kwa kitenge, akaendelea kula.

Ndugu msomaji, wazee hawakukosea kumwekea mwenye nyumba filigisi. Ilikuwa njia ya kumheshimu mtu anayebeba wengine. Lakini Goma yetu imebeba watu wengi waliopoteza nyumba, kwa lava na kwa vita, na mtu huyo naye anahitaji heshima. Kwetu filigisi haijadharauliwa. Kila Bonane tunaikata ndogo ndogo ndani ya sombe, na baba ndiye anayegawa.