Saa Kuukuu katika Njia ya Kasongo na Kabambare

Kasongo na Kabambare ni miji miwili ya Maniema ya kusini, nayo ni mikongwe katika habari za safari. Zamani misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikashuka hata Kasongo na Nyangwe penye mto Lualaba. Sisi tulipita njia hiyo tukiwa na saa mbili kuukuu mfukoni, maana twapenda vyombo vya kupimia wakati, hasa vile vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Huenda msomaji akauliza: Je, siku hizi kila simu yaonyesha saa, chombo kikuukuu chafaa nini? Na tumjibu.

Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kasongo ipo karibu na digrii 26 na theluthi mbili za mashariki. Kabambare imezidi kama digrii moja upande wa macheo. Basi adhuhuri ya jua huwadia Kabambare dakika 4 hivi kabla ya Kasongo. Lakini saa za miji yote miwili husoma sawasawa, kwani Maniema hufuata saa ya Lubumbashi, iliyoitangulia ya Kinshasa kwa saa nzima. Saa hiyo imepangwa kwa jua la digrii 30, mstari upitao karibu na Kigali. Ndiyo sababu kengele ya Malaika wa Bwana ikilia Kasongo saa sita kamili, jua kwa wastani limebakiza dakika 13. Wala si kila siku hivyo: katikati ya Februari adhuhuri huchelewa mpaka saa sita na dakika 27, na mwanzo wa Novemba hufika saa sita kasoro dakika 3. Jirani zetu Waislamu wajua habari za kivuli tangu zamani, maana sala yao ya adhuhuri hufuata jua, si mashine.

Wanafunzi waweza kuyahakikisha haya kwa kijiti. Kisimamishe wima mahali palipo sawa, chora duara kukizunguka, kisha tia alama kivuli kinapogusa duara asubuhi, na tena alasiri. Andika saa ya kila alama: katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo adhuhuri ya jua. Tulifanya hivyo Kasongo, kisha Kabambare, tukitumia saa ile ile, tukaona tofauti ya dakika kama 4. Hivyo saa iliyozeeka ilitupimia mwendo wa kilometa 110 kutoka magharibi hata mashariki, wala hatukuhitaji kamba.

Wasafiri wa kale walipima njia vivyo hivyo. Daktari Livingstone alifika Kabambare, aliyoiita Bambarre, mwaka 1869, akakaa huko miezi mingi mwenye vidonda vya miguu. Lakini tangu mwanzo wa 1867, kusini ya ziwa Tanganyika, mchukuzi aliyebeba kronometa zake aliteleza akaanguka. Saa hazikufa, mwendo wake tu ulibadilika, naye hakutambua, na mahali alipopaandika baadaye pakakosa kwa kadiri ya maili 20. Tusishangae: huku karibu na ikweta kosa la sekunde 4 tu humhamisha mtu karibu kilometa mbili katika ramani.

Mwaka 1873 Livingstone alifariki, na Chuma na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake kwenda pwani. Huko Unyanyembe wakakutana na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, naye akachukua baadhi ya vyombo vya marehemu kwa safari yake. Agosti 1874 alifika Nyangwe, akapima urefu wa nchi, akaona kwamba Lualaba upo chini kuliko Nili ya Gondokoro. Basi hauwezi kuwa Nili. Naam, kitu kilichotumika si kitu kilichokwisha.

Sasa tuwaambie wale wanaotaka kununua. Usivutwe na uso unaong'aa. Omba kifuniko kifunguliwe, utazame kama mna kutu, kwa maana unyevu wa Maniema hula chuma upesi. Tia ufunguo polepole, uone kama kamani yashika. Kisha iweke sikioni mahali pa kimya: mlio uwe sawa, usiokwamakwama. Ukiisha kuinunua, ilinganishe kila siku kwa saa ile ile na alama ya wakati ya redio, ukaandike kosa lake daftarini. Saa zetu mbili zilitufundisha. Moja ilichelewa sekunde 20 kila siku, sikuzote 20. Ya pili leo ilitangulia 5, kesho ikachelewa 40. Mwenye kutazama siku moja tu angaliisifu ya pili. Lakini ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa, kwa sababu kosa lijulikanalo huondolewa kwa hesabu.

Neno moja la hatari. Saa nyingi za kale zilizong'aa gizani zilipakwa radiamu, na katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Rangi hiyo huenda imeacha kung'aa, lakini sumu haijapungua sana: nusu yake hudumu miaka 1,600. Basi saa ya namna hiyo isifunguliwe nyumbani, rangi isikwanguliwe, wala watoto wasiichezee.

Na faida yake katika jamaa? Mtoto mchanga akikohoa na kuhema, pumzi zake huhesabiwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40. Hapo mshale wa sekunde uendao sawa una thamani kuliko mkufu wa dhahabu, maana waweza kumwambia mama aondoke usiku huu kwenda zahanati, asingoje mapambazuko.

Basi, wasomaji wapenzi, saa kuukuu hutufundisha kujichunguza kila jioni. Kila mtu ana kosa lake. Heri alijuaye kosa lake na kuliandika, kuliko yule ajionaye sawa kwa kuwa leo, kwa bahati, amekubaliana na kengele.