Jazi ya Baba

Katika nyumba yetu ya Mhunze neno jazi lilikuwa na maana moja: gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Baba alilima pamba, na betri za redio yake ya kaseti zilipochoka alizianika juani juu ya kipande cha bati, mpaka zipate nguvu ya kumalizia nyimbo za jioni. Sisi watoto tulikuwa walinzi wa betri hizo.

Nilipokuwa chuoni, nilirudi likizo moja na kanda ya Tanganyika Strut, muziki uliorekodiwa mwaka 1958 na Wilbur Harden na John Coltrane. Nilijivunia kwamba Wamarekani wameliweka jina la nchi yetu katika santuri yao. Baba alisikiliza kwa adabu mpaka upande wa kwanza ukaisha, kisha akauliza: "Huyu ameitaja Tanganyika, mbona hasemi kitu?"

Palikuwa na wageni wawili barazani, nami nikaona nafasi ya kuonyesha elimu. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo jazi yenyewe; ile ya Morogoro ni rumba tu, jina wameliazima bila kulijua. Baba alinitazama kidogo. "Haya, baba, wewe umesoma."

Tangu siku hiyo, kila nilipokuwa nyumbani, redio ilikaa chumbani kwake. Hakupiga tena muziki mbele yangu, wala mimi sikumwomba.

Nililolisema lilikuwa na ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonitia kiburi. Ni kweli Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, haikupiga muziki wa Coltrane. Bendi zetu zilijifunza mengi kutoka santuri za Kikyuba zilizoletwa Afrika kwa chapa ya GV tangu miaka ya 1930, na jina Jazz kwao lilimaanisha bendi ya dansi: magitaa, besi, ngoma, saksafoni. Lakini neno likishahamia kwetu lina haki ya kupewa kazi nyingine. Tena Kiswahili kilikuwa na jazi yake zamani: kumjazi mtu ni kumtunuku, kumlipa wema wake. Hilo lina asili ya Kiarabu na halina undugu na lile la Marekani, ingawa sikio halijali nasaba.

Siku hizi nasikiliza nilivyopaswa kusikiliza wakati ule. Naanza na "Shida" ya Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979. Gitaa lake haliisindikizi sauti. Huijibu, kama mzee anayemwacha mwenzake amalize kisha akaongeza lake. Kisha "Dada Asha" ya Tabora Jazz, utunzi wa Shem Karenga, jirani zetu hao wa magharibi. Usiuzime kabla ya chemko, pale uimbaji wa taratibu unapokwisha na magitaa yakashika usukani. Wengi huondoka mapema, wakakosa nusu ya wimbo.

Anayetaka soul na funk iliyopikwa nyumbani awatafute Sunburst, na wimbo wao "Enzi za Utumwani". Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakiuona sumu ya kigeni kwa vijana. Mwaka 1976 kundi hili la jiji hilo hilo likatoa Ave Africa, iliyorekodiwa Zambia: gitaa linakwaruza, kinanda kinazunguka, na juu yake Kiswahili kimekaa bila kuomba radhi. Santuri hiyo ilitolewa upya mwaka 2016, watu wa Ulaya wakaigombania. Redio zetu huziita nyimbo za umri huo zilipendwa. Sijawahi kuelewa kwa nini kitenzi hicho kiko katika wakati uliopita.

Wimbo huo wa Sunburst ningependa baba ausikie. Hakuwahi. Baada ya arobaini yake mama alinikabidhi redio, na ndani yake nikaikuta kanda yangu ya Coltrane, niliyodhani niliipoteza safarini.

"Alikuwa akiipiga usiku," mama akasema. "Alisema huenda yule mtu siku moja atasema kitu."