Sikumuuliza Mama
Mama yangu ana miaka 74. Mwezi uliopita alishindwa kuinuka kitini baada ya ibada, mapaja yakimuuma. Nikasema ni uzee, nikamwombea, nikaenda zangu. Kumbe alikuwa ameongezewa atovastatini, dawa ya kolesteroli, na dawa hizo wakati mwingine huumiza misuli. Akaziacha kimyakimya. Hapo ndipo niliogopa, maana ndizo zinazomkinga na kiharusi na mshtuko wa moyo. Nilipouliza mbona hakusema, akanijibu, "Mchungaji, wewe hukuniuliza."

Tulirudi kwa daktari pamoja. Akampima damu, akapunguza dozi. Jumapili amepanda ngazi za kanisa polepole, akinishika mkono. Wapendwa, kabla hamjaacha dawa, semeni na daktari. Na mimi mnisamehe.