Maji Yamekwenda Wapi?

Wenye magari makuukuu wengi hubeba dumu la maji nyuma ya gari na hawaoni ajabu. Gari likichemsha wanasimama, wanangoja lipoe, wanaongeza maji, safari inaendelea. Mimi tabia hiyo haijapata kuniridhisha. Maji ya injini yamo katika mfumo uliofungwa: yanatoka kwenye rejeta, yanaingia kwenye injini, yanachukua joto na kurudi. Hayaungui kama petroli. Basi ukiongeza lita moja leo na nyingine keshokutwa, lita mbili hizo zimekwenda mahali, na mahali hapo papo hata kama ardhi chini ya gari ni kavu.

Gari ninalolisemea ni Peugeot 504 ya mwaka 1980, lile refu lenye safu tatu za viti. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na sisi wa rika langu tunakumbuka lilivyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Mengine yaliunganishwa Kenya na Nigeria. Siku hizi ukisimama nalo kwenye kituo cha mafuta vijana wanakuzunguka kama umekuja na ngamia.

Lakini sikulishikilia kwa ajili ya sifa. Dada yangu anaishi juu ya Soni, njiani kwenda Lushoto, na mwaka 2016 alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Kila mwezi alitakiwa kliniki Tanga. Basi dogo la abiria, lenye ngazi ndefu na watu waliobanana, hakuliweza. Kwenye 504 anaingia kwa kukaa tu. Mlango ni mpana, kiti kiko chini, na ule mguu uliobaki una mahali pa kunyooshwa. Mimi naishi Korogwe, kwa hiyo kazi ya kupanda kumchukua na kumrudisha ilikuwa yangu. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya kilomita zipatazo 33, na ndani ya kilomita hizo unapanda karibu mita elfu moja, kona juu ya kona, jabali upande huu na korongo upande ule. Hapo si mahali pa kukaa na mgonjwa ukingoja injini ipoe.

Mwaka 2018 gari lilileta dalili mbili. Ya kwanza ilikuwa maji. Nina desturi ya ualimu ya kuandika kila kitu, nikawa na daftari: kila asubuhi injini ikiwa baridi nafungua, napima kwa chupa nilichoongeza, naandika na kilomita. Ilianza nusu lita kwa kila kilomita 100. Baada ya miezi miwili ikawa lita nzima. Geji ya joto ilitulia kutoka Korogwe hadi Mombo. Tukianza mlima, nayo inaanza mlima wake. Dalili ya pili ilikuwa mlio. Injini ikinguruma gari limesimama, upande wa mbele ulitoka mkwaruzo kama mtu anayesaga ulezi kwenye jiwe. Ukikanyaga mafuta, msagaji anaongeza kasi. Gari likitembea au likisimama mlio ni uleule, kwa hiyo magurudumu hayakuhusika.

Gereji moja ya mjini ilitumia dakika kama kumi. Hedi gasketi imekwenda, walisema, na huo mlio ni uchovu wa injini. Itoeni, mweke ya Toyota iliyotumika. Bei waliyotaja ilikaribia bei ya gari lenyewe. Mpwa wangu akasema tuliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Mjomba, mama tutamkodia teksi." Teksi kutoka Soni hadi Tanga na kurudi, kila mwezi, kwa pensheni ya nani? Nilimwomba wiki mbili.

Sisemi kwamba gereji ile ilitaja jambo lisilowezekana. Injini ya 504 ina bloku la chuma na hedi ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikichemka kupita kiasi hedi hupinda na gasketi huachia. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyepima chochote. Walisikia "inapoteza maji", wakatamka ugonjwa wa gharama kubwa kuliko yote.

Pale Mombo yuko fundi mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alijifunza ufundi kwenye shamba la mkonge, na miaka aliyokaa jirani na mashine za kuchakata katani ilimla masikio. Kelele za namna ile huua kwanza sauti nyembamba. Zile nzito hudumu. Ndege walioko juu ya mwembe wake hawasikii. Shikamoo yangu niliirudia mara mbili.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Leo masikio utakuwa wewe."

Nilidhani atafungua boneti. Aliomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema gari lilale pale hadi asubuhi, maana rejeta ya moto haifunguliwi. Maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni.

Asubuhi alifungua kifuniko, akajaza maji hadi mdomoni, akaniambia niwashe. Tulitazama mapovu. Gasketi iliyotoboka hupenyeza gesi ya mlipuko kutoka kwenye silinda hadi kwenye maji, na mapovu hutoka mfululizo bila kukoma. Hapa yalitoka machache, yakaisha. Akachomoa kijiti cha oili: oili nyeusi, safi, haina ule utando wa rangi ya maziwa. Ndani ya kifuniko cha oili pia hapakuwa na utando. Akafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Silinda inayokunywa maji huosha plagi yake ikawa nyeupe kuliko wenzake, na hizi zilifanana kama watoto wa mama mmoja. Nikaulizwa kama eksozi hutoa moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto. Hapana.

"Hedi nzima," akasema. "Tutafute mwizi mwingine."

Aliniuliza kama bado nina chaki nyumbani. Ninazo, mwalimu mstaafu hakosi chaki. Ila pale tulinunua pakiti dukani, akaisaga, akafuta mbele ya injini ikawa kavu, akapuliza unga wa chaki kuanzia mpira wa juu wa rejeta hadi chini ya pampu ya maji. Kifuniko kikarudishwa, injini ikawashwa hadi ikapata moto kabisa. Kwa dakika ishirini hatukuona kitu. Halafu kwenye unga mweupe, chini ya pampu, ukachoreka mstari mwembamba wa kijivu. Tone halikufika chini. Kila lilipotaka kudondoka, upepo wa feni ulilisukumia kwenye chuma cha moto likakauka. Ndiyo maana ardhi ilikuwa kavu miezi yote ile.

Yalibaki masikio. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya alteneta, na mpini hakuuweka sikioni bali kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mfupa nao hupitisha sauti, na kwake mfupa ulikuwa mzima kuliko sikio. Mwaka 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa wake, na kwa njia hiyo kifaa cha madaktari kikaanza. Fundi wangu hakuwa na habari za Laennec. Alisogeza bisibisi hadi kwenye pampu, akafumba macho, akanipa.

Sijui nieleze vipi. Kwenye alteneta palikuwa na mvumo laini. Kwenye pampu msagaji wangu wa ulezi alikuwa amekaa palepale.

Hata hivyo hakutosheka. Alifungua mkanda wa feni na kuwasha injini kwa muda usiozidi dakika moja, maana bila mkanda maji hayazunguki. Mkwaruzo ulikoma. Kwa hiyo haukuwa ndani ya injini; ulikuwa kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda. Akazima, akashika mapanga ya feni, ambayo kwenye gari hili hukaa mbele ya pampu, akayatikisa mbele na nyuma. Yalicheza. Ukizungusha pampu kwa mkono, unahisi changarawe.

Dalili zetu mbili zilikuwa ugonjwa mmoja. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifikie beringi. Sili ikichakaa, maji hupenya, na watengenezaji wameacha tundu dogo chini makusudi ili yatoke hapo yasikae kwenye beringi. Tundu hilo ni mdomo wa pampu, ndiyo namna yake ya kusema naumwa. Nimeona watu wakiliziba kwa gundi! Sili yetu ilikuwa imevuja muda mrefu, maji yakaosha grisi, beringi ikaanza kusaga kavu. Siku beringi ingeachia, feni ingekwenda kuchana rejeta, na tungekuwa mahali fulani kati ya Mombo na Soni.

Kuna wanaotia yai kwenye rejeta, wengine bizari, wengine unga wa dukani wa kuziba. Fundi alipuuza vyote. Vitu hivyo havichagui tundu, alisema. Vinaziba na mirija ya rejeta.

Pampu ilipatikana Nairobi kupitia kondakta wa basi, ikatumia siku tisa njiani, na kliniki ilikuwa siku ya kumi na moja. Ilifungwa jioni ya siku ya kumi, pamoja na kifuniko kipya cha rejeta, kwa kuwa springi ya kile cha zamani ilikuwa imelegea. Jambo la kifuniko watu hulidharau. Kule Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, na ni mgandamizo unaoshikwa na kifuniko ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Tulitia na dawa ya rejeta badala ya maji matupu. Dumu lililobaki fundi aliniamuru nilifungie kabatini: dawa hiyo ni tamu, na ni sumu kwa mtoto na kwa paka.

Nilipanda Soni alfajiri. Geji ilisimama katikati kwenye kona zote. Dada alikaa kiti cha kati, akanyoosha mguu, tukashuka. Kwa kuwa msagaji alikuwa ameondoka, nilisikia kitu ambacho alikuwa amekifunika: ti-ti-ti, nyembamba, juu ya injini. Tulipofika Mombo nilisimama chini ya mwembe nikamweleza fundi. Alinikazia macho midomoni.

"Ikiwa baridi tu, au hata ikiwa ya moto?"

"Zote mbili, Mzee."

"Haraka kama injini, au polepole kuliko injini?"

Nilisikiliza tena. "Polepole. Kama nusu yake."

"Tapeti," akasema. "Zinataka kupimwa, haziui. Mpeleke dada kwanza, uniletee Jumamosi."